Betri ya boti haijai chaji: pima kwanza, flaiwili baadaye

Mashine ya boti iliyozeeka ikiacha kuchaji betri, lawama huangukia koili ya chaji, yaani msokoto wa waya unaozalisha umeme wa betri. Mwenye boti anaambiwa koili imeungua, flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu yake, inang'olewa, koili mpya inanunuliwa, na asubuhi inayofuata stata, mota ya kuwashia mashine, bado haina nguvu ya kuzungusha. Pesa imekwenda na tatizo liko palepale. Kwenye mashine za stroki mbili tulizozizoea, kuanzia Yamaha Enduro 40 za pwani hadi zile za hp 15 za Ziwa Victoria, koili ya chaji ni kitu kinachodumu. Imekaa chini ya flaiwili, haisuguani na chochote. Vinavyokufa mapema ni betri yenyewe, maungio ya nyaya na rektifaya, kile kifaa kinachougeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri. Kwa hiyo upimaji uanzie kwenye betri urudi nyuma taratibu, na flaiwili iwe kituo cha mwisho.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: maltimita ya dijitali yenye kipimo cha diodi, brashi ya waya, msasa laini, spana za kawaida, na haidromita, yaani kipimo cha uzito wa asidi, kama betri yako ina vifuniko vya kuongezea maji.

Umeme unavyosafiri

Ndani ya flaiwili kuna sumaku. Zinapozunguka kuzipita koili zilizofungwa chini yake, koili hutoa umeme wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara. Koili hizo si moja: kuna inayolisha CDI, kisanduku cha umeme wa cheche, ili plagi zipige cheche, kuna ndogo inayopanga wakati wa cheche, na kuna hii ya taa na chaji. Ndiyo maana mashine inaweza kuwaka kwa mkupuo mmoja na kukimbia vizuri huku haichaji hata chembe. Betri haichajiwi na AC, basi umeme huo hupita kwenye rektifaya yenye diodi nne, ambazo huuruhusu kwenda upande mmoja tu kama valvu ya pampu ya mkono inavyofanya kwa maji. Kutoka hapo unaondoka waya mwekundu, unapita kwenye fyuzi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 20, na kwenye mashine nyingi unaungana na waya mnene wa betri pale kwenye skrubu ya rilei ya stata. Waya mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Rangi za nyaya za koili husaidia kuitambua. Kwenye Yamaha tafuta kijani, mara nyingi pamoja na kijani yenye mstari mweupe. Mercury za zamani hutumia njano mbili, na Johnson na Evinrude hutumia njano na njano yenye mstari wa kijivu. Lakini mashine iliyopita mikononi mwa mafundi wengi huwa imeshaungwa kwa waya wa rangi yoyote uliokuwepo siku hiyo, kwa hiyo fuata waya kwa mkono hadi mwisho wake kabla ya kuamini rangi.

Jambo moja la kuhakikisha kabla ya yote: baadhi ya mashine za kuvuta kwa kamba zina koili ya taa lakini hazina rektifaya, na nyingine hazina hata koili hiyo. Hapo hakuna ubovu wa kutafuta. Kinachotakiwa ni kufunga kilichokosekana.

Piga hesabu ya matumizi

Malalamiko mengi ya chaji huishia hapa, bila spana kuguswa. Koili ya wati 80 ikiwa katika nguvu yake yote inatoa takriban ampea 6. Nguvu yote hiyo inapatikana mashine ikiwa inakimbia, sio ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta. Kwenye mzunguko wa chini inaweza kutoa ampea moja au pungufu, au isifikie kabisa volti ya kuichaji betri. Mvuvi anayevuta mshipi polepole kwa muda wa saa nne, au anayewasha mashine dakika kumi kuhama kutoka mwamba huu hadi ule, anatumia umeme mwingi kuliko anaourudisha.

Chukua betri ya N70, yaani ya ampea-saa 70, iliyoshuka hadi nusu. Imepungukiwa ampea-saa 35, na kwa kuwa sehemu ya chaji hupotea kama joto, lazima urudishe 40 na ushei. Kwa ampea 6 hizo ni saa saba za kukimbia bila kutumia kitu kingine. Sasa weka na matumizi: balbu ya zamani ya wati 10 inakula karibu ampea 0.8, fishfainda ndogo (kifaa cha kutafutia samaki) nusu ampea hadi moja, pampu ndogo ya kutoa maji ya boti ampea 2 au 3 inapofanya kazi, redio ya mawasiliano ya VHF ampea 5 au zaidi unapobonyeza kuongea kwa nguvu ya wati 25. Taa za kuvulia dagaa usizitegemeze kabisa kwenye betri ya kuwashia mashine. Ziwe na betri yao, na ichajiwe nchi kavu au kwa sola.

Kama hesabu inaonyesha unatumia zaidi ya unachoingiza, mashine ni nzima. Badilisha balbu ziwe za LED, au ongeza paneli ya sola ya wati 50 yenye kidhibiti chaji chake. Hiyo ni dawa ya kudumu kuliko koili yoyote mpya.

Betri ipimwe peke yake

Chaji betri nchi kavu mpaka ijae, itoe kwenye chaja, iache itulie saa kadhaa au usiku mzima, kisha pima. Volti 12.6 hadi 12.7 ni iliyojaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikiwa 12.0 imebaki robo tu. Iliyotoka kwenye chaja sasa hivi itakudanganya kwa kuonyesha 13, ndiyo sababu ya kuiacha itulie.

Betri yenye vifuniko ipime kwa haidromita, seli baada ya seli. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya seli kuliko namba yenyewe, kwa sababu betri za nchi za joto wakati mwingine hutiwa asidi nyepesi kidogo. Seli tano zikisoma 1.250 na moja ikasoma 1.180, betri hiyo imekwisha, hakuna mashine itakayoiponya. Kama sahani zilikuwa zimeachwa wazi bila maji, jaza maji ya betri yaliyosafishwa, chaji, pima tena, lakini usiwe na matumaini makubwa.

Halafu pima ikiwa kazini. Weka ncha za mita kwenye nguzo zenyewe za risasi, si kwenye vibanio, mwambie mwenzako azungushe stata. Betri nzima haitashuka chini ya volti 9.6. Ikishuka hadi 8 au 7, ama betri ni mbovu, ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Betri nyingine yenye uhakika itakuamulia ni ipi kati ya hizo.

Kipimo cha mashine ikiwa inawaka

Mashine iwe ndani ya maji, siyo kavu, kwa sababu pampu ya maji huungua haraka ikizunguka bila maji. Pipa linatosha kwa sailensa. Kwa mzunguko wa juu, funga boti imara gatini au pima mkiwa safarini. Kifuniko kikiwa wazi, kanga, mikono mipana ya shati na kamba vikae mbali na flaiwili.

Soma volti kwenye nguzo za betri kabla ya kuwasha. Tuseme ni 12.4. Washa, pandisha hadi karibu mizunguko 3,000 kwa dakika, subiri dakika mbili tatu, soma tena. Ikipanda polepole hadi 13.5 au 14, mfumo unachaji, na ubovu uko kwenye betri au kwenye matumizi. Ikibaki 12.4 au ikaendelea kushuka, hakuna kinachoingia. Ikipita 15, kuna tatizo la aina nyingine ambalo nitalifikia.

Kama boti ina tako, yaani mita ya mizunguko, itazame. Kwenye mashine nyingi tako husoma umeme wa koili hii hii ya chaji kabla haujafika kwenye betri. Chaji imekufa na tako inafanya kazi vizuri: koili inatoa umeme, tafuta kwenye rektifaya, fyuzi na waya mwekundu. Vyote viwili vimekufa pamoja: shuku koili, au rektifaya iliyopiga shoti na kuuvuta umeme wa koili chini. Chomoa rektifaya kwanza kabla hujaihukumu koili.

Maungio ndiyo nyumba ya ubovu

Chumvi haihitaji kupata maji mengi ili iharibu. Waya wa shaba tupu huvuta unyevu kwa ndani, chini ya plastiki, na ubovu unasafiri sentimita nyingi kutoka kwenye ncha. Ukichuna plastiki unakuta shaba imekuwa nyeusi, na kichwa cha waya kina unga wa kijani unaomwagika ukikikunja. Kwa nje waya ni mzima kabisa. Kata hadi ufikie shaba inayong'aa, na kama haifiki, tupa waya wote. Waya uliopakwa bati unagharimu zaidi lakini kwa boti ndio wa kununua.

Kuna kipimo kinachofichua ungio bovu bila kufungua kitu. Mashine ikiwa inakimbia na kuchaji, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), ncha moja kwenye waya mwekundu pale unapotoka rektifaya, nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Kwenye njia isiyo na ubovu mita inasoma volti 0.2 au 0.3 tu. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unapotelea njiani, basi sogeza ncha ya mita ungio baada ya ungio hadi uone ni wapi namba inaruka. Fanya hivyohivyo upande wa ethi, kutoka bodi ya mashine hadi nguzo ya hasi.

Kishikio cha fyuzi nakipa nafasi ya kwanza. Fyuzi inaweza kuwa nzima machoni lakini vibanio vyake vimelegea, vimepata joto na kuwa na rangi ya kahawia, na plastiki pembeni imeyeyuka kidogo. Kubadilisha fyuzi peke yake hakusaidii. Weka kishikio kipya cha kuziba maji, na kamwe usikipite kwa kuunga waya moja kwa moja, maana waya huo ukigusa bodi una moto ndani ya kifuniko chenye mvuke wa petroli.

Nati za masikio zinazokazwa kwa vidole kwenye betri nazo ziondoke. Mtikisiko wa mawimbi huzilegeza. Weka nati za chuma kisichoshika kutu zenye plastiki ndani, kaza kwa spana, kisha paka grisi juu ya ungio lililokwisha kukazwa. Unapofungua betri anza na hasi, unapofunga maliza na hasi. Kusokota waya kwa vidole na kuuzungushia selotepu nyeusi si ungio la baharini. Tumia viungio vya kubana kwa koleo lake na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani.

Rektifaya

Kuna njia tatu za kuiua kwa sekunde moja, na zote ni za mikono yetu. Kufunga betri kinyume, hata kwa kugusisha tu. Kutoa waya wa betri mashine ikiwa inawaka. Na kuzima swichi kuu ya betri mashine ikiwa inawaka, ambako ni sawa na ile ya pili. Betri ndiyo inayozuia volti za koili zisipande, na ikitoweka ghafla, diodi zinapigwa na volti kubwa ambazo haziwezi kuzimudu. Ile tabia ya kuwasha mashine kwa betri ya kuazima kisha kuichomoa na kurudisha ya kwako mashine ikiwa inakimbia imeunguza rektifaya nyingi mno. Mwenye mazoea hayo ayaache leo.

Kuipima, chomoa nyaya zake zote na uweke mita kwenye alama ya diodi. Ncha nyekundu kwenye waya mmoja wa koili, nyeusi kwenye waya wa chanya: lazima isome kati ya 0.4 na 0.7. Geuza ncha: isisome kitu. Rudia kwa waya wa pili wa koili. Kisha nyeusi kwenye waya wa koili, nyekundu kwenye hasi au kwenye bodi ya rektifaya kama hasi yake ndiyo bodi: isome tena 0.4 hadi 0.7, na ukigeuza isisome. Vipimo ni vinne, kila kimoja pande mbili. Diodi inayosoma pande zote ni shoti, isiyosoma popote imekatika. Diodi moja tu ikikatika chaji inapungua kwa nusu, nayo ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu betri inachajiwa kidogo na kila mtu anaamini mfumo ni mzima.

Kama kifaa chako kina regulata, yaani kidhibiti volti, ndani yake, kipimo hiki hakitoshi kukihukumu. Hapo pima koili na nyaya kwanza, na zikiwa nzima zote, jaribu kifaa kingine.

Rektifaya halisi ikikosekana au bei ikiwa kubwa, ile ya kawaida isiyo na regulata inaweza kubadilishwa na daraja la diodi la KBPC3510 linalopatikana kwenye maduka ya elektroniki. Ni la ampea 35 na volti 1,000, zaidi ya mara tano ya mahitaji. Miguu yenye alama ya wimbi ni ya nyaya za koili, wenye alama ya kujumlisha uende kwenye waya mwekundu, na wa kutoa uende ethi. Mguu wa ethi lazima upewe waya wake, kwa kuwa bodi ya kifaa hiki haijaungwa na miguu. Kifunge kwa bolti kwenye bamba la aluminiamu chenye pasta ya kupitisha joto chini yake, na miguu uizibe kwa epoksi, maana hakikutengenezwa kwa ajili ya chumvi. Lakini kabla ya kukifunga hakikisha koili yako haijaungwa ethi kwa upande mmoja, kama zilivyo baadhi ya za zamani zinazotumia diodi moja tu. Ukiweka daraja la diodi nne kwenye koili ya namna hiyo, nusu ya umeme wake itakuwa inapiga shoti kupitia diodi mojawapo.

Koili, ikiwa bado hujapata

Chomoa nyaya mbili za koili ya chaji. Pima omu (ukinzani wa waya) kati yake: ni ndogo sana, kwa nyingi iko chini ya 2, mara nyingine chini ya 1. Gusisha kwanza ncha za mita zenyewe, soma namba yake, kisha iondoe kwenye kipimo chako, la sivyo utadhani 0.3 ya mita ni ya koili. Halafu pima kila waya dhidi ya bodi ya mashine: kwenye koili isiyo na ethi, mita isisome kitu. Namba kamili iko kwenye kitabu cha mashine yako.

Koili iliyochoka inaweza kupita kipimo cha omu ikiwa baridi na kushindwa ikipata moto. Kwa hiyo iache ikiwa imechomolewa, washa mashine, pima volti za AC kati ya nyaya zake mbili, na urudie baada ya mashine kupata joto. Volti zipande kwa ulaini kadiri mzunguko unavyopanda. Zikirukaruka au zikigoma mahali pamoja, umeipata. Usikosee waya hapa: zile za koili ya CDI zina volti za mamia na zinaweza kukurusha ndani ya maji.

Ikibidi flaiwili itoke, tumia pula yake, kifaa cha kuivutia juu, yenye bolti tatu. Kuigonga kwa nyundo kunapasua gundi ya sumaku na kunaumiza kranka, shafti kuu ya mashine. Ikishatoka, tazama sumaku zote: iliyobanduka huacha mistari inayong'aa juu ya koili. Safisha kutu kwenye sumaku, lakini usiguse koili kwa brashi ya waya.

Betri inayolala usiku, na inayochemka mchana

Kuna betri inayojaa safarini na kuamkia tupu. Zima kila kitu, toa waya wa hasi, unganisha mita ya ampea kati ya waya na nguzo. Usijaribu kuwasha stata mita ikiwa hapo. Ikisoma zaidi ya miliampea chache, chomoa rektifaya. Namba ikianguka hadi sifuri, diodi imeanza kuvuja na inairudisha chaji ya betri kwenye koili usiku kucha. Isipoanguka, endelea kuchomoa redio, pampu na taa kimoja kimoja.

Upande wa pili ni volti zinazopita 15. Mifumo mingi ya zamani haina regulata, na betri iliyokwisha kujaa ikiendelea kupewa ampea 6 safari nzima inachemsha maji yake. Dalili ni seli kukauka kila mara, harufu ya mayai viza na ubavu wa betri kuvimba. Hewa ile inalipuka, sigara na cheche visikaribie. Kwa mifumo hiyo tumia betri ya asidi yenye vifuniko, ukague maji yake mara kwa mara, na uwashe taa au pampu ukikimbia mbali. Betri zilizozibwa za AGM na jeli hazistahimili volti hizo, na maji yake hayaongezwi.

Lithiamu usiifunge moja kwa moja kwenye mashine hizi. Ulinzi wake wa ndani hujikata wenyewe betri ikijaa au volti zikizidi, na kwa rektifaya hilo ni sawa kabisa na mtu kuchomoa waya mashine ikikimbia. Kama unaihitaji kwa taa na vifaa, acha betri ya asidi ibaki kwenye mashine, na lithiamu uichaji kutoka kwenye hiyo kwa chaja ya DC kwenda DC, inayowaka tu mashine ikiwa inachaji. Chagua isiyovuta zaidi ya ampea 3 au 4, kwa sababu kubwa kuliko hapo itakula kila kitu koili inachotoa na betri ya stata itabaki na njaa.